Majina Saba Katika Nyumba ya Sufu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanaukoo siku ya pili ya mkutano, baada ya chakula cha mchana)



Kamati iliniomba nizungumze kwa muda wa dakika ishirini juu ya safari niliyoifanya mwaka 2019, mimi na mtoto wa marehemu kaka yangu, kwa pikipiki kutoka Uingereza hadi Mongolia. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tangu turudi kila ninayekutana naye huniuliza kama nilikuwa na akili zangu timamu, nami nimeona bora nijibu mara moja mbele ya wote. Ya pili nitaieleza nitakapoifikia. Aliyenipa ruhusa ya kuisema yupo humu ukumbini, amekaa safu ya pili, na sharti lake lilikuwa moja tu: nisiiseme akiwa hayupo.

Mnajua kwamba kaka yangu alifariki mwaka 2017, na kwamba aliacha pikipiki mbili ndani ya banda nyuma ya nyumba yake. Zote zilikuwa za injini ya silinda moja, imara, zisizo na madaha. Kwenye ukuta wa banda lile alikuwa amebandika ramani ya Asia, na juu yake amepiga mstari kwa kalamu nyekundu ulioanzia Uingereza ukaishia mahali palipoandikwa Ölgii. Mwanawe alipokuja kunisaidia kulifunga banda aliuliza, "Ami, hizi pikipiki za Baba tuzifanyeje?" Mimi ni fundi wa mabasi kwa miaka 30. Nilizitazama pikipiki, nikautazama ule mstari, na jibu mnalijua.

Tuliondoka mwezi wa Mei. Ya Ulaya sitayasimulia, maana barabara nzuri haina hadithi, na Urusi nitaipita mbio kama tulivyoipita. Tulipofika mpaka wa Tashanta, katika milima ya Altai, mita za pikipiki zilikuwa zimesoma kilomita 7,000 na ushei, na yule kijana alikuwa amejifunza kubadilisha tairi bila ya kunitazama usoni kuomba msaada. Baina ya kituo cha Warusi na kituo cha Wamongolia kuna kiasi cha kilomita 20 za ardhi isiyokaliwa na mtu. Tuliivuka ile jangwa ya mawe tukiwa kimya, kila mmoja ndani ya kofia yake.

Mongolia ni nchi kubwa kuliko Tanzania kwa mara moja na nusu na zaidi, kwani ina kilomita za mraba zipatazo 1,564,000. Watu wake lakini ni milioni 3 na nusu tu, wachache kuliko wakaazi wa mkoa wa Dar es Salaam peke yake, ambao katika sensa ya mwaka 2022 walipita milioni 5. Karibu nusu yao wanakaa katika mji mkuu, Ulaanbaatar. Waliobaki wametawanyika na kondoo wao, mbuzi, ng'ombe, farasi na ngamia katika uwanda usio na ua wala kigingi. Mtu anaweza kwenda saa tatu asione nyumba, kisha akaona kitu cheupe mbali kama kikombe kilichofunikwa juu ya mkeka. Hiyo ndiyo geri.

Sehemu tuliyoingilia, mkoa wa Bayan-Ölgii, ina habari yake mbali na Mongolia nyingine. Wengi wa wakaazi wake si Wamongolia bali ni Wakazaki, na ni Waislamu. Wazee wao walianza kuivuka milima ya Altai kutoka upande wa Uchina katika miaka ya 1860, na mkoa wenyewe ukaundwa mwaka 1940. Sisi hatukulijua hilo sawasawa. Tulikuwa tumejifunza maneno ya Kimongolia kutoka kwenye kitabu, likiwemo lile la kumwomba mwenye nyumba amzuie mbwa wake, ambalo nililikariri kuliko yote. Tukawa tunajiandaa kusema ya kitabuni, kumbe salamu tuliyohitaji tulikuwa nayo tangu utoto.

Sasa nije kwenye mto.

Mito ya huko hutokana na theluji na barafu ya milimani. Alfajiri maji huwa machache, kwa kuwa baridi ya usiku imeizuia theluji isiyeyuke. Jua likishapanda theluji huyeyuka, na ikifika alasiri mto ule ule uliokuwa ukifika kwenye vifundo vya miguu huwa unafika kiunoni. Hayo nayajua sasa. Siku ile, mwanzo wa Julai, magharibi ya Ölgii kuelekea vilele vya Tavan Bogd, tulifika ukingoni saa kumi ya alasiri, na mimi, fundi wa miaka 30, nikamwambia kijana, "Nifuate." Nilikwenda hatua kama kumi na tano. Jiwe likateleza chini ya gurudumu la mbele, pikipiki ikalala upande, na injini ikameza mto.

Aliyetutoa alikuwa kijana mmoja mchunga mbuzi. Kundi lake lilikuwa limetandaa mlimani naye akilichunga kwa pikipiki, maana siku hizi wafugaji wengi wa Mongolia huchunga kwa pikipiki kama vile kwa farasi. Zamani walikuwa na zile za Kirusi, na mpaka leo utaziona zikivuma. Siku hizi nyingi ni za Kichina, nyepesi, za bei nafuu, na tandiko limefunikwa kipande cha zulia. Yule kijana hakuuliza kitu. Aliingia majini na viatu vyake, akafunga kamba, na sote watatu tukaivuta pikipiki mpaka ukingo wa pili. Halafu ndipo aliponitazama, akaweka mkono kifuani, akasema, "Assalaumaghaleikum."

Ndugu zangu, nilikuwa nimelowa mpaka kifuani, natetemeka kwa baridi, na miwani yangu imekwenda na maji. Nilipoitikia ile salamu sauti yangu ilikatika, na kijana wangu akageuka upande mwingine ili asinitahayarishe.

Alituvuta kwa kamba kilomita tatu mpaka kwao. Palikuwa na geri nne katika bonde la nyasi, mita zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari, nazo zilikuwa za ndugu wa ukoo mmoja waliohamia hapo kwa malisho ya kiangazi. Tulitaraji kulala usiku mmoja, lakini tulikaa siku tano. Injini iliyoingia maji haitaki haraka. Ni lazima utoe plagi, uzungushe injini mpaka maji yaruke nje kupitia lile tundu, ukaushe chujio la hewa, kisha uitazame oili. Yangu ilikuwa nyeupe kama maziwa, na oili ya namna hiyo hakuna fundi atakayeiacha ndani. Oili mpya ilikuwa Ölgii, na aliyekwenda kuichukua alikwenda pia kwa shughuli zake mwenyewe, harusi mojawapo, akarudi siku ya nne.

Nataka niieleze nyumba yenyewe, kwa sababu wengi mnadhani ni hema. Si hema. Kuta zake ni vijiti vya mti vilivyofungwa vikapishana kama wavu, hukunjwa vikawa mzigo wa ngamia mmoja na hukunjuliwa vikawa ukuta wa duara. Juu ya kuta husimamishwa fito nyingi zinazokutana kwenye gurudumu la mti lililoko kileleni, na hapo katikati pameachwa wazi pa kupitisha mwanga na moshi. Nyumba nzima huvishwa sufu ya kondoo iliyolowekwa, ikapigwa na kushindiliwa mpaka ikawa nene kama godoro jembamba. Watu wanne wanaojua kazi huisimamisha kwa muda wa saa moja au mbili. Katika geri ya Wamongolia utakuta nguzo mbili za kati, na ni utovu wa adabu kupita baina yake au kuziegemea. Ya Wakazaki huwa kubwa na ndefu zaidi, haina nguzo, na ndani yake kuta zimepambwa kwa vitambaa vilivyotariziwa na wanawake wa nyumba ile kwa mikono yao, vyekundu na vya samawati, hata mtu akiingia kutoka kwenye ule uwanda mkavu hudhani ameingia bustanini. Ustadi wa kujenga geri uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2013. Nilipomwambia hivyo mama mwenye nyumba, kupitia mfasiri, alijibu kwamba hao UNESCO wangemletea sufu angefurahi zaidi.

Mfasiri wetu alikuwa mjukuu wake, binti anayesomesha Kiingereza katika skuli ya Ölgii, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Bila yake nisingekuwa na hotuba leo.

Kizingiti hakikanyagwi, unakiruka. Mgeni huketishwa upande unaokabili mlango, ndipo pa heshima, na mimi niliyekuwa nimejaa tope nilikataa mara tatu kisha nikasukumwa. Katikati ni jiko la chuma, na kuni zake ni mavi makavu ya ng'ombe, yasiyonuka kama mnavyofikiri. Nje kuna kibao cha umeme wa jua. Serikali yao ilianza mpango wa kuwapa wafugaji umeme huo mwaka 2000, na kufikia 2012 familia zaidi ya 100,000 zilikuwa zimepata. Kwa hiyo jioni walikuwa na taa na televisheni, na sisi tuliotoka Ulaya tulipanga mstari kuchaji simu zetu.

Hakuna aliyetuuliza majina yetu wala tutokako kabla ya chai. Chai yenyewe ni ya maziwa na chumvi. Kijana wangu, mzaliwa wa Toronto, alidhani chumvi ni sukari iliyokosewa, akainywa kwa subira ya mtu anayemeza dawa. Mimi nilipendezewa na kilicholetwa pamoja nayo, vitumbua vya unga wa ngano vilivyokaangwa kwenye mafuta, wanaviita baursaki. Toa iliki, toa tui la nazi, na hayo ni mahamri. Nilikula tisa. Mama mwenye nyumba alizihesabu, akacheka, akaongeza nyingine.

Kisha tukaanza kuokota maneno. Nilimsikia mzee akimwuliza mjukuu wake "khabar". Nikamshika mkono yule binti: "Amesema nini?" Akasema, habari, anauliza habari za mjini. Nikasema, nasi twasema habari! Basi usiku ule ukawa mchezo. Wao husema dunie, sisi dunia. Wao sabin, sisi sabuni. Wao kitap, sisi kitabu. Wao kalam, sisi kalamu. Wakazaki na Waswahili hawakuwahi kuonana, ila wote wamekopa duka moja, na sote tumechukua bidhaa zile zile. Mzee alipiga paja lake kwa kila neno jipya, na vijana wa geri jirani wakaja kutazama wageni weusi wa Kiingereza wanaozungumza kama babu yao.

Nisijisifu kwa ukarimu wa watu. Wasafiri wa pikipiki wamekuwa wengi Mongolia tangu miaka ya 2000. Mwaka 2004 waigizaji wawili mashuhuri, Ewan McGregor na Charley Boorman, walipita njia hizo hizo na kamera, na wengi waliowatazama wakaja nyuma yao. Si wote wanaokumbuka kwamba geri si hoteli. Wengine hula, hulala, hugawa peremende kwa watoto, hupiga picha, wakaondoka. Familia hizi hazitakudai senti, kwa kuwa katika nchi ambayo baridi inaweza kumwua mtu usiku mmoja kumfungulia mgeni ni sheria kabla ya kuwa wema. Lakini kutodaiwa si kutodaiwa kitu. Kila siku moja ya zile tano nilikaa nje na spana zangu. Nilisafisha kabureta, nikakaza minyororo, nikabadilisha klachi moja iliyokuwa imefungwa kwa waya. Habari zikaenea, na kufikia siku ya tano nilikuwa nimetengeneza pikipiki 11, nyingine zimeletwa kutoka bonde la pili.

Usiku wa tatu mzee alichinja. Wazee wetu mliomo humu mtaelewa uzito wa jambo hilo, kwani alichinja kondoo kwa watu wasiokuwa jamaa zake. Nyama ililetwa katika sinia moja, tukala kwa mikono, na mimi kama mgeni mkubwa kwa umri niliwekewa kichwa cha kondoo mbele yangu. Nilielekezwa nikate sikio nimpe mtoto mdogo, ili awe msikivu. Baada ya kula mzee alifungua viganja, akaomba dua, sote tukajipangusa nyuso. Halafu akaanza kunieleza habari za nyumba ile.

Walizaliwa saba, yeye ni wa mwisho. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika na Kazakhstan ikawa dola huru mwishoni mwa 1991, serikali mpya iliwaita Wakazaki wote warejee, na makumi ya maelfu ya watu wa Bayan-Ölgii walikwenda. Wanne katika ndugu zake walikwenda. Waliuza mifugo, wakapanda malori na mabasi, wakalia, na wengine hawajaonana naye tangu siku hiyo ila katika simu. Yeye alibaki, kwa kuwa kwa desturi yao mtoto wa kiume wa mwisho hubaki na nyumba ya wazee. Alinyoosha mkono juu, kwenye lile gurudumu la mti kileleni, leusi kwa moshi. Wao huliita shangiraki. Kuta zimebadilishwa, akasema, fito zimebadilishwa, sufu hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, lakini hilo ni la babu yake. Kazakhstan yenyewe imelitia shangiraki katika nembo ya taifa tangu 1992. "Wao wanalo kwenye karatasi," alisema mzee, "mimi ninalo juu ya kichwa."

Kisha akamwita mjukuu wa miaka sita, akamwambia ataje. Mtoto akasimama wima kama mwanafunzi, akataja majina saba: baba, babu, baba wa babu, mpaka wa saba. Hiyo kwao inaitwa jeti ata, yaani mababa saba. Kila mtoto hufundishwa, na watu wanaokutana katika babu yeyote wa hao saba hawaoani. Yule binti mwalimu akatueleza kisa kilichotuchekesha sana. Wamongolia wenyewe, si Wakazaki, walikatazwa majina ya koo na serikali ya kikomunisti katika miaka ya 1920. Yaliporudishwa katika miaka ya 1990 watu wengi hawakuwa na wa kumwuliza, basi wakajichagulia. Maelfu kwa maelfu wakajiandika Borjigin, ukoo wa Genghis Khan. Gurragchaa, Mmongolia wa kwanza kwenda angani mwaka 1981, alijichagulia Sansar, maana yake anga za juu. Nami nilicheka kuliko wote. Nikawaza, maskini hawa, wameazima mababu.

Mzee akanigeukia mimi. "Na wewe, mababa zako saba?"

Ndugu zangu, sikusita. Mnajua jinsi tulivyosomeshwa sisi watoto wa nyumba ile, kila Alhamisi usiku, kwa fimbo ya mpera iliyowekwa karibu. Nilitaja jina langu, la baba, la babu, na kuendelea, mpaka wa saba, na mwisho nikaitia ile nisba yetu ya Hadhramaut, kwa lafudhi yake. Mzee alifurahi mno. Alimwambia mkewe kitu, na binti akafasiri: "Amesema huyu si mgeni, huyu ana mizizi." Kijana wangu, asiyeweza kutaja zaidi ya babu yake, aliniangalia kwa macho ya heshima ambayo sijawahi kuyapata kwake, wala kabla ya hapo wala baadaye.

Tulipofika mjini Ölgii siku ya sita simu zilishika mtandao. Mtu wa kwanza niliyempigia ni Shangazi, Maskati. Nilimwambia habari zote, mto, chai ya chumvi, na mwisho, kwa kujivuna, nikasema, "Shangazi, nimetaja saba bila kukosea."

Alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Mwanangu, umetaja matatu yetu na manne ya watu."

Hakusema zaidi siku ile. Nilirudi Uingereza, ukaja mwaka 2020 na maradhi yake, sote tukafungiwa majumbani, na katika miezi ile Shangazi, ambaye umri wake umepita miaka 80 na alikuwa akiwazika rafiki zake kwa simu, alianza kunipigia kila Ijumaa. Alinieleza kidogo kidogo. Nayasema hapa kama alivyoyasema.

Baba wa babu yangu hakutoka Hadhramaut. Alitoka bara, upande wa Ziwa Nyasa, akiwa mtoto mdogo, akapitishwa Kilwa. Mkataba wa 1873 ulikwisha kataza kuvusha watumwa baharini, lakini majahazi yaliendelea kuvusha kwa magendo, na wengi walipelekwa Pemba, kwa sababu kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja na mashamba ya Pemba yalihitaji mikono. Huko ndiko alikokulia, akichuma karafuu za mtu. Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya mwaka 1897, mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Alikwenda. Alipotoka alikuwa na karatasi, na jina la yule bwana wake amelivaa kama nguo, kwa kuwa mtu asiye na nisba hakuwa na pa kuposa wala pa kuzikwa. Majina manne niliyoyataja mbele ya mzee yule ni mababa wa mwenye shamba.

Babu yetu aliyajua hayo. Shangazi aliyasikia kwake akiwa msichana, siku alipoletewa posa na watu waliouliza asili, na akaambiwa asiyatamke tena. Hakuyatamka kwa zaidi ya miaka 60. Ameniambia, "Tulisema uongo kwa ajili ya harusi zenu. Sasa nyote mmeshaoana."

Najua wamo humu watakaochukia. Wamo waliokwisha kwenda Tarim kutafuta jamaa, na wakarudi na picha. Wamo walioniambia jana usiku, baada ya habari kuvuja jikoni kama kawaida yetu, kwamba mambo ya marehemu yaachwe na marehemu. Sikuja kubishana nao. Ninasema tu kwamba mtu huyu alikuwa na mama, na mama yake alimpa jina kabla ya jahazi, na jina hilo Shangazi analo, kwa sababu babu yetu alimwambia. Lilikuwa likitajwa kwa siri katika khitma ya nyumbani, kwa sauti ya chini, baada ya majina yote. Wengine mtakumbuka kwamba babu alikuwa akimaliza kwa kunong'ona. Tulidhani amechoka.

Mwaka 2021 nilimwandikia yule binti mwalimu wa Ölgii. Tumekuwa tukiandikiana kwa simu. Mwanzoni mwa 2024 aliniarifu juu ya ule msimu wa baridi kali wanaouita dzud, ulioua mifugo zaidi ya milioni 7 katika nchi nzima, na kwamba babu yake alipoteza nusu ya kundi. Lakini barua ile ya 2021 ilikuwa ya kukiri. Nilimwomba amwambie mzee kwamba yale niliyoyasema usiku wa kondoo hayakuwa kweli, kwamba sikujua, kwamba ninao watatu tu, na wa tatu alikuwa mtumwa. Niliogopa jibu lake kuliko nilivyouogopa mto.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, maana walikuwa malishoni na hakukuwa na mtandao. Binti aliandika kwamba babu yake alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: huyo wa tatu, jina alilopewa na mama yake ni nani? Anataka kulitia katika dua yake ya Ijumaa, na hapendi kukosea matamshi.

Nililituma kwa sauti yangu, mara mbili, polepole.

Jina hilo limepigwa chapa katika shajara iliyomo mwishoni mwa kijitabu hiki, mahali palipokuwa na majina manne mengine. Nakala kubwa imetandikwa juu ya meza ile karibu na dirisha, pamoja na kalamu za risasi. Shangazi atakaa hapo mpaka sala ya alasiri. Mwenye kulijua la mama yake, au la kijiji, au hata kipande cha wimbo aliokuwa akiimba, ameomba aende akakae naye. Na aliyekasirika pia aende, amesema, ila asiende na njaa.